Viatu Vyako Vimetangulia Lopitali

Florentine,

Uji iko mu nyungu. Funika na mufuniko wa zamani, ile ingine kuku banajua kuifungua.

Mi nimetangulia lopitali na viatu vyako. Usilie. Dukani nilikuambia uchague vipana, we ukasema, «Mama, vile ni vya polisi.» Basi, ulipoenda kuoga ku ziwa nikavivaa ili vilegee, sababu masera, ule mutawa mukubwa wa lopitali, alisema infirmière, muuguzi, mwenye kuchechemea siku ya kwanza ya kazi atarudishwa kwao. Nikapiga magoti, nikasali rozari nzima navyo. Viatu havikulegea, miguu yangu ndiyo ilivimba. Sasa havitoki hata na mawese.

~~Vaa sandali za marehemu baba yako.~~ Hapana, zile uziache. Kuja miguu wazi, upitie nyuma. Lete sabuni. Lete na Mama Suzanne wa hapa jirani, iko na nguvu ya kuvuta. Aliniona ku mulango na hivi viatu, akaniita infirmière, akanionyesha jipu ya mutoto wake. Nilimuambia maji ya moto na chumvi, akashukuru sana.

Kimbia. Masera akiniuliza, siwezi kusema uongo: nitamujibu viatu vimefika saa yake, mwenye navyo iko njiani.

Mama yako