Bipu Tatu

Jumatatu, tarehe 3
Maji hayajatoka tena. Nimedeki wodi kwa ndoo moja, kisha nikakaa kwenye simu ya dharura. Kishikwambi kipya kinalia kama kuku aliyekanyagwa. Napokea, naandika mgonjwa yuko wapi, gari la wagonjwa linatoka. Kazi nzuri, Mungu ashukuriwe. Ila watu wa huku hawapigi, wanabipu: ikilia mara moja wanakata, wapigiwe wao. Tumesema namba ni ya bure mpaka mate yamekauka. Na hiki kidude bipu kinaimeza kimya. Ukibipu mara tatu, kinakuona mtu wa mzaha, kinafungia namba yako.

Jumanne, tarehe 4
Kaja mtathmini kutoka mjini. Kijana mpole, shikamoo yake ya adabu. Anapima kama tuko tayari kwa mfumo huu wa simu. Umeme upo? Upo. Mtandao upo? Upo, wa kusuasua. Nikamweleza habari ya bipu.
"Mama, hilo halimo kwenye maswali."
Nimeudhika. Sara, binti wa mdogo wangu, yuko Kinampanda, siku zake zimekaribia, na uzazi wa kwanza alipasuliwa. Mama yake ndiye bingwa wa kubipu. Nimemwonya: piga, usibipu.

Ijumaa, tarehe 7
Nina hasira hata sala haikai. Sara kaletwa kwa bodaboda, damu mpaka kwenye viatu. Mdogo wangu alibipu. Tatu! Akasubiri apigiwe. Alipokumbuka kupiga, namba imeshafungwa. Na mimi nimekaa palepale, gari limeegeshwa nje.
"Dada, bure ya kweli umeiona wapi?"
Nikamwita dereva. Gari limemkimbiza Sara hospitali ya wilaya. Ee Bwana, mshike.

Jumamosi, tarehe 8
Mtoto wa kiume. Mzima! Sara kaongezewa damu, anaongea. Nimelia kama mjinga.
Jioni mtathmini kaja anachechemea. Pikipiki ilimwangusha njia ya Shelui, akatafuta gari letu kwa simu. Kafungiwa.
"Baba, hukujua ni ya bure?"
"Nilijua, mama. Mkono tu umezoea."
Nimecheka, Mungu anisamehe. Goti lake nimelisafisha kwa spiriti, sikumwonea huruma sana. Kaandika habari ya bipu mbele yangu, kwa herufi kubwa.

Alhamisi, tarehe 20
Kufuli la namba limeondolewa, na bipu sasa inalia. Asubuhi tulivu. Nimesoma zaburi, nimekunywa uji. Kidude kikalia mara moja, kikanyamaza.
Nikapiga.