Mama, Mwambie Yaretzi Asije

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia, na yule mbwa wa jirani hajawamaliza kuku wako. Sisi huku wazima, ila Ausencio mgongo unamsumbua tangu tulipovuna zabibu, na bado anajifanya kijana. Mume wangu huyu jamani!

Habari kubwa ni ya mjukuu wako. Yaretzi ameingia darasa la hesabu za juu, lile linalomfungulia mtoto mlango wa chuo kikuu. Shule nzima imejaa watoto wetu wa Kimeksiko, lakini humo wamo wawili tu. Nililia, Mama. Ausencio naye alilia, akasingizia vitunguu.

Basi juzi mshauri wa masomo, Bwana Lindqvist, akaniita. Akasema kwa upole kwamba tukija huko Meksiko Desemba kama kila mwaka, mpaka sikukuu ya Wafalme Watatu ipite Januari shule zikiwa zimeshafunguliwa, binti atarudishwa hesabu za chini. Nikamwuliza, mbona mtoto wa daktari huenda milimani siku za shule kuteleza kwenye theluji, na walimu humpa kazi aende nazo? Akasema hilo ni jambo tofauti. Nikamwuliza tofauti gani, akaanza kupanga kalamu zake. Na mimi mjinga kila Krismasi nampelekea tamale za unga wa mahindi na kumshukuru! Ningekuwa na kile kiatu chako cha kurusha, angenitambua.

Wazazi tumelalamika kwa wakubwa wake. Tumeambiwa tusubiri mwakani.

Sasa, Mama, lililonifanya nikuandikie. Nilidhani kumwambia Yaretzi tubaki ni jambo rahisi. Wapi! Amekataa katakata. Amemwambia Bwana Lindqvist kiti chake cha darasa lile ampe mwingine, maana bibi yake anamngoja, na babu alipofariki sisi hatukuwepo. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi afikirie. Sanduku ameshalifunga, ndani mna shali aliyokufumia. Mimi hanisikii, baba yake hamsikii. Anakusikia wewe tu.

Kwa hiyo nakuomba kitu ambacho mtoto hapaswi kumwomba mama yake. Jumapili akikupigia simu, mwambie asije. Mwambie wewe mwenyewe ndiye unayetaka abaki. Tafadhali usilie mpaka akate simu.

Nisalimie shangazi Chole na wote wanaoniulizia. Barua hii anakuletea mke wa Fidencio anayekuja huko, pamoja na shali. Nimeitoa sandukuni bila Yaretzi kujua. Jifunike nayo, usiiweke kabatini.

Mwanao akupendaye,
Eufemia