Nimefungiwa Zizini Ili Mke Wangu Ashinde

Mpendwa Mama Tapkigen, naomba unisaidie kabla Jumamosi ya wiki ijayo haijafika, maana hapa nyumbani kila mtu ana ushauri wake na wote unaishia mahali pamoja, kwamba nijifunike taulo kichwani.

Niko karibu na Iten, upande ule barabara inapoanza kuteremka kwenda bondeni, na mke wangu hukimbia mita elfu tatu kuruka viunzi na maji, nitamwita Jesang ingawa si jina lake, na ukisoma mpaka mwisho utamjua tu kwa sababu nchi nzima ilimwona alipoanguka. Mimi sikimbii, na huku kwetu mwanamume asiyekimbia huulizwa kama ni mgonjwa, lakini kazi ninayo: nina ng'ombe, viazi, watoto na huyo Jesang, ambaye alfajiri akienda mbio ndefu mimi niko nyuma yake kwa pikipiki na chupa ya maji, Jumanne nashika saa kwenye uwanja wa udongo na kumpigia kelele, Alhamisi namtafuta kwa macho katikati ya lile kundi linalotimua vumbi barabarani likibadilisha kasi, na kwa kuwa uwanja wetu hauna shimo la maji nilimchimbia moja nyuma ya nyumba, nikalaza gogo la mkaratusi mbele yake kwa kimo cha kiunzi, naye huruka hapo mpaka magoti yanamtetemeka, akimaliza ng'ombe wanakunywa.

Sasa shida. Mara ya kwanza Jesang kukimbia ng'ambo hatukuwa na televisheni, tukaenda kutazama kwa jirani yetu Mzee Chebii, ambaye hajawahi kukimbia hata kukimbiza kuku lakini anajua makosa ya kila mkimbiaji wa nchi hii, na hapo hapo mbele ya macho yangu Jesang akakanyaga kiunzi vibaya akaingia majini kichwa kwanza. Mara ya pili nikatazama, kiatu kikamtoka, akamaliza na mguu mmoja mtupu. Mara ya tatu nikatazama, akaongoza mpaka mwisho, akapitwa na Mwethiopia kwenye utepe wenyewe. Mara ya nne tulikuwa tumeshanunua televisheni yetu, kubwa, niliipigilia ukutani kwa mikono yangu, watu wamejaa sebuleni, na mbio zinaanza tu ng'ombe wangu Chelel akaanza kuzaa, nikatoka mbio, na nikiwa nimeshika miguu ya ndama nikasikia nyumba nzima inapiga vigelegele. Ameshinda!

Niliporudi na damu mikononi nikakuta Mzee Chebii amesimama mbele ya watu kama hakimu.

"Mnaona? Huyu akitoka, mtoto wetu anashinda. Huyu ana macho mazito."

"Mazito kivipi, mzee?" nikamuuliza.

"Mazito! Yanamvuta chini akiruka."

Watu wakaitikia kwa vichwa kana kwamba wameelezwa jambo la hospitali. Mama mkwe wangu, anayeishi ng'ambo ya barabara na ambaye ndiye mwenye kiti cha mbele, alingoja mbio zilizofuata, mimi nimeshakaa na kikombe changu cha chai, akasema akiangalia ukuta, "Mkwe wangu, sijasikia ng'ombe wako leo. Hebu nenda ukawaangalie." Na wewe ni wa huku Mama, unajua, mama mkwe hata kumtazama usoni si adabu, sembuse kubishana naye mbele ya wageni, basi nikaenda kuwaangalia ng'ombe wasiokuwa na neno, na Jesang akashinda tena.

Tangu hapo zizi ndilo jukwaa langu. Nimejifunza kufuata mbio kwa masikio, wakisema uuui hayo ni maji, wakinyamaza ghafla ni mzunguko wa mwisho, viti vikianguka ameshinda, nami hucheza peke yangu na Chelel anatafuna tu. Halafu Mzee Chebii hutoka nje akanishika mkono na kusema, "Hongera, kijana, leo umekaa vizuri," na kikombe cha kwanza cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kumpokelea mshindi, huletewa mimi, na nisikufiche Mama, nilianza kuupenda huo mchezo, nikawa najibu, "Asante, mzee, nimejitahidi."

Jesang alikuwa hajui. Akipiga simu kutoka huko aliko huuliza, "Baba Kimeli, uliona nilivyotoka kwenye yale maji ya mwisho?" nami hujibu, "Tumeona," kwa sababu kweli wengine wameona.

Ila mwaka huu mambo yaliharibika. Jesang alishika nafasi ya nne nami nikiwa zizini nimetulia kabisa, na watu wakatoka nje wakali.

"Umechungulia wewe!"

"Sikuchungulia, wazee. Muulizeni Chelel."

Wakanikagua mpaka wakaamini, halafu Mzee Chebii akakumbuka kwamba siku hiyo Mwalimu Kibowen alikuja kuazima wilbaro akabaki kunywa chai sebuleni, wakamgeukia yeye, na kuanzia siku hiyo tuko wawili zizini, Mwalimu huja na madaftari ya wanafunzi akasahihisha amekalia ndoo. Ni yeye aliyetoboa siri. Alikutana na Jesang barabarani akamlalamikia kuhusu nzi wetu, akidhani mwenzangu anajua.

Asubuhi iliyofuata Jesang alikuwa anafunga kamba za viatu, akasema bila kuinua kichwa, "Kwa hivyo hujawahi kuniona nikishinda."

"Nimekusikia," nikasema.

"Kwani ulinioa mimi au uliwaoa hawa ng'ombe? Goti langu linanikataa, Baba Kimeli, huu ni mwaka wa mwisho. Siku ya kuchagua timu ya taifa nataka kukuona Nairobi, pale ukingoni mwa uwanja, na kibuyu cha mursik mkononi. Nikishinda unipe. Nikishindwa unipe."

Nikasema ndiyo kabla sijafikiria, na kufikia mchana ukingo mzima wa bonde ulikuwa na habari. Mama mkwe wangu alikuja mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, akasimama langoni akiangalia upande wa mahindi.

"Mkwe wangu, sijaja kukukataza. Nenda, mke wako amekuita. Lakini ukae umejifunika hii." Akanyoosha mkono na taulo la bluu, lile lile Jesang alilomletea zawadi kutoka Ulaya. "Chebii atakuwa kando yako akikuelezea kinachoendelea."

Nililipokea kwa mikono miwili, ningefanya nini?

Sasa taulo limening'inia kwenye msumari na kila nikipita linaniangalia. Nikienda nalo kichwani nchi nzima itanicheka, na Jesang atanipita akikimbia akaona mzigo wa nguo umeshika kibuyu. Nikienda bila taulo na asichaguliwe, Mama, hapa kwetu sitaishi, watoto wa watoto wangu wataambiwa babu yenu ndiye aliyemwangusha bibi yenu. Nimefikiria hata kusema mgongo unaniuma nibaki. Lakini nimemwona Jesang akianguka, nimemwona akivuka na mguu mtupu, nimemwona akipitwa, na mke wangu akishinda sijawahi kumwona hata mara moja, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Nifanye nini?

Baba wa Zizini,
Karibu na Iten

*

Baba wa Zizini,

Barua yako niliisoma nikinywa chai na chai imeniishia kwenye gauni. Pole kwa nzi. Pole mpe na Mwalimu Kibowen, aliyekuja kutafuta wilbaro akapata kifungo.

Sasa nisikilize. Jesang alianguka majini kwa sababu pale ndipo watu huangukia. Maji yale yamewameza wanawake ambao waume wao hawana televisheni, na wengine ambao hawana hata waume. Kama macho yako yangekuwa na uzito huo anaousema Chebii, chama cha riadha kingekukatia tiketi ya ndege kila mwaka, ukae mstari wa mbele, utazame Waethiopia tu na wetu uwaache. Mbona hawajakuita?

Na ulipokuwa umetulia kabisa zizini, Jesang akawa wa nne, kesi si iliisha pale? Lakini badala ya kukufungua wewe wamemfunga na mwingine. Akishindwa tena wataongeza wa tatu. Mwisho ng'ombe watalala sebuleni watazame wao.

Nitakuambia kilichoniudhi, na usikunje uso. Si Chebii, huyo namwelewa, mtu asiyekimbia lazima atafute kazi kwenye mbio. Ni wewe na hiyo "asante, mzee, nimejitahidi." Umejitahidi nini, kukaa? Mwanamke ameamka gizani na baridi ya huko kwenu ninayoijua, amepanda vilima na goti bovu, ameruka gogo lako mpaka miguu ikakataa, kisha kikombe cha kwanza cha ushindi wake unanywa wewe kwa sababu ulisimama karibu na ng'ombe. Akishinda ni zizi, akishindwa ni macho. Miguu yake iko wapi katika hesabu hiyo? Mmemnyang'anya, wewe na kijiji chako, nawe ulikuwa ukipokea hongera.

Halafu jambo moja limekupita ukiliandika mwenyewe. Ni nani aliye nyuma yake kwa pikipiki kila alfajiri? Ni nani anayeshika saa Jumanne na kumtafuta kwenye vumbi Alhamisi? Kila mruko aliowahi kuruka kwenye shimo ulilochimba, uliutazama kwa macho hayo hayo, na ndiyo yaliyomfikisha mahali ambapo nchi nzima inamgombania. Hapo nyumbani hakuna mtu aliyemtazama kukuzidi. Yeye analijua hilo, ndiyo maana hakumwita Chebii ukingoni, alikuita wewe.

Kwa hiyo unaenda. Mgongo wako hauumi, uache. Unateremka Nairobi Ijumaa, na kibuyu usikijaze mpaka juu, acha nafasi na ukifunge sawasawa, maana mursik ikipata joto la basi inafura na utawaogesha abiria. Ng'ombe mwachie Mwalimu Kibowen, tayari ameshazoea, na mkirudi mpeni ile wilbaro.

Mama mkwe wako usimjibu neno. Ulipokea taulo kwa mikono miwili, ulifanya vizuri, na ukienda nalo utakuwa umemheshimu. Hakuna atakayekuapisha lilikaa wapi.

Chebii mketishe jukwaani, kwenye kivuli, awaelezee watu wengine. Wewe shuka upande wa shimo la maji, mahali kama pale alipoingia kichwa kwanza, kwa sababu hapo ndipo mtu anapohitaji kuona uso anaoujua. Mpigie kelele zile zile za Jumanne, hata kama wenye suti watakugeukia.

Na asipochaguliwa? Ndiyo, watakulaumu. Watakuita macho mazito mpaka meno yakuishe. Jesang alianguka majini nchi nzima ikitazama, akainuka, akakimbia akiwa amelowa mpaka mwisho, na wewe unaogopa maneno ya jirani? Ukilaumiwa, ubebe. Huo ndio mzigo wako katika mbio hizi na ni mwepesi kuliko wake, na angalau safari hii atakapokuuliza "uliona?" utajibu kwa mdomo wako mwenyewe.

Lile taulo likunje vizuri uliweke begani. Mkeo atamaliza amelowa maji ya mizunguko yote, akiwa wa kwanza au wa mwisho, na atahitaji mtu wa kumkausha.

Mama Tapkigen