Kibuyu cha Avit

Kagondo, Bukoba

Mdogo wangu Avit,

Huku tu wazima, na kahawa imeanza kuiva. Mama bado ananikataza kubeba mkungu wa ndizi, eti nina nusu ya ini. Huu ni mwaka wa sita tangu lako liharibike nikugawie langu, na juzi daktari kanipima tena: limeota likajaa, nimebaki na kovu tu. Jana nimejitwika mkungu mzima kutoka kibanjani, Mama akanuna mpaka jioni.

Jumamosi tulikamua ndizi za rubisi, na pombe ikachacha vizuri. Baba akakutengea kibuyu, kama tunavyomtengea kila mtoto aliye mbali. Nilikimwaga kwenye shina la mgomba, nikasema kimevuja.

Binamu yetu Evelyne alikukuta baa huko Mwanza, unakunywa pombe uliyokatazwa. Mama sijamwambia.

Mimi sijutii. Ningeombwa leo, ningekubali tena. Ila nilimuuliza daktari, akasema aliyekwisha kutoa hakatwi mara ya pili.

Njoo Krismasi. Tutakamua ndizi upya, na kibuyu chako utakinywa siku hiyohiyo, mbele yangu, kabla hakijachacha.

Dada yako,
Restituta