Mlima Alioupanda Ghaith

Nizwa, 9 Septemba 2003

Kaka Himid, shikamoo.

Sisi wazima, alhamdulillahi. Tende mwaka huu zimekuja nyingi, na binti yangu Wijdan kapata kazi benki, Samail.

Uliniuliza habari za Ghaith, mwanangu aliyekuwa akisoma Amerika. Amerudi. Mwezi wa Juni alikwenda Alaska na rafiki yake kuupanda Denali, ule mlima mkubwa wa kaskazini. Kwenye simu alikuwa akinisimulia historia ya mlima huo: mtu mmoja wa zamani alijitangaza kuwa kafika kileleni, kumbe picha kaipiga juu ya kilima kingine. Miaka saba baadaye wakafika wengine, na wa kwanza kukanyaga juu akawa mwenyeji wa huko huko.

Ghaith hakufika. Kilele wakikiona, rafiki yake akashindwa kuvuta pumzi. Ghaith akamteremsha siku mbili ndani ya dhoruba. Rafiki yu hai. Mwanangu, baridi imemla vidole vinne vya mkono wa kulia, na wa kushoto bado una bendeji. Sikukuandikia mapema kwa sababu mkono wangu ulikataa.

Baba yake alikwisha kuwatangazia watu kwamba mwanawe kafika. Ijumaa, mbele ya wageni, mzee mmoja akamwuliza Ghaith, "Huko kileleni kukoje?"

"Sijui, ami. Niligeuka njiani."

Baba yake akainuka, akamimina kahawa, akaketi kando ya mwanawe, akamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Nduguyo akuombeaye heri,
Huwaida