Mkono wa Kushoto wa Kaka Shomari

Mpendwa Kaka Shomari,

Shikamoo. Barua zangu zote huanza kwa kukuambia kwamba sisi huku wazima, hofu yetu ni kwako uliye mbali. Leo nimeiandika sentensi hiyo mara nne, na mara nne nimeichana karatasi. Unanijua. Hapa ofisini Bagamoyo kila ninachopiga chapa nakisoma mara tatu kabla hakijatiwa sahihi, hata mkubwa wangu hunicheka: "Zuhura, hiyo ni barua ya kuomba chaki, si talaka!"

Barua yako imekaa mkobani mwangu wiki mbili. Umesema chuo kinataka ubaki hukohuko, uwe mwalimu na uendelee na utafiti wako wa roboti, na wanangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Chini kabisa ukauliza, "Baba hajambo? Kama hajambo, nitakubali." Nimeshindwa kujibu. Naogopa kusema jambo linalokuhusu, na unajua hofu hiyo ilianzia wapi.

Ilianzia juu ya dungu letu, kile kichanja cha miti shambani kule Makurunge. Mimi sijaanza shule, wewe uko darasa la nne, na kazi yetu kufukuza ndege kwenye mpunga wa Baba. Mimi nilipiga kelele tu. Wewe ulirusha kombeo kwa mkono wa kushoto, na tukiwa peke yetu kule juu ulikula kwa mkono huohuo. Kwangu huo ulikuwa ufundi usio na mfano. Jioni moja nikajigamba mbele ya Baba: "Kaka akila kwa kushoto hamwagi hata punje!"

Baba hakukupiga. Alichana kipande cha kanga kuukuu ya marehemu Mama, akakufunga mkono ubavuni, ukakaa hivyo mpaka mpunga ukavunwa. Mimi ndiye niliyelia. Wewe uliniambia, "Nyamaza, Zuhura. Ndege hawajui kama nimefungwa." Siku ya tatu ulikuwa umetandaza kamba kutoka dunguni hadi pembe zote za shamba, umening'iniza makopo, unazivuta kwa vidole vya miguu huku umelala chali. Jirani akapita chini akaita, "Shomari! Leo mko wangapi huko juu?"

Watu wakiniuliza ulianzaje mambo ya mashine, wanataka niwatajie shule. Mimi nazikumbuka kamba zile. Shule zilikuja baadaye: sekondari Dar es Salaam, uhandisi Ulaya, shahada juu ya shahada. Ukaniandikia kwamba wenzako walikuwa wakitengeneza mikono ya chuma ya kubebea mizigo mizito viwandani, wewe ukataka mkono wa kushika yai. Karibu mwaka mzima ulivunja mayai. Kisha ikaja barua ya mstari mmoja: "Zuhura, leo yai halikupasuka." Nilizunguka nayo ofisini kutwa. Sikumwonyesha mtu, maana sikujua ningeanzia wapi kueleza.

Halafu Ramadhani ile uliyokuja likizo. Ulitoa ule mkono wako wa mashine kwenye sanduku, ukaunganisha nyaya na betri uliyoazima kwa dereva wa trekta, ukauweka juu ya mkeka wa futari. Mkono ukatetemeka, ukaokota tende moja, ukaielekeza kwa Baba.

"Mkono gani huo?" akauliza Baba.

"Wa kushoto, Baba. Nimeuiga wangu."

Shangazi Mwanahawa akapasuka kwa kicheko. "Yarabi! Mwana kavuka bahari zote hizo, katuletea mkono wa chooni!"

Tulicheka wote, hata wewe ulicheka. Baba hakucheka. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akachukua tende nyingine sahanini. Ile yako ilibaki hewani mpaka ulipochomoa waya. Tangu siku hiyo hujarudi, Kaka, na katika barua zako Baba amekuwa mtu wa kusalimiwa mwishoni.

Sasa nitasema.

Baba si mzima. Miezi mitatu iliyopita aliamka upande wa kulia umekufa ganzi. Mguu unarudi kidogo kidogo, anatembea na fimbo. Mkono haujarudi, na daktari hakutupa ahadi. Baba alinikataza kukuandikia: "Usimsumbue Shomari. Ataacha kazi yake." Ndiyo maana ukawa unasoma "hatujambo" zangu. Nisamehe.

Hataki tena kula na watu. Nikimpelekea chakula husema, "Weka hapo, funga mlango." Nilidhani ni uchovu. Juzi nilirudi kuchukua kopo la maji, nikamkuta na bakuli la uji, kijiko kiko mkono wa kushoto, uji umemwagikia kanzu mpaka magotini. Nilitaka kukimbia. Akasema, "Kaa."

Nikakaa. Akaninyooshea kijiko.

"Kaka yako alikuwa anakishikaje?"

Nilikichukua nimwonyeshe, nikashindwa. Miaka yote ile dunguni nilikuwa natazama kama punje zinaanguka; sikutazama vidole.

"Sikumbuki, Baba."

"Basi muulize mwenyewe."

"Nikimuuliza atajua, Baba."

"Ajue."

Akanipa bakuli, nikamlisha. Aliponyanyuka akaongeza, kama mtu anayeulizia jembe alilomwazima jirani: "Na ule mkono wake, bado anao?"

Kaka, sikuambii uje, wala sikuambii ubaki. Najua mayai mangapi yamevunjika mpaka ukafika hapo, na ukikubali kazi ile nitakuwa wa kwanza kujigamba kwa Shangazi. Mimi nipo, Baba hatalala njaa. Ila nakuomba usitie sahihi kabla hujamjibu. Mwandikie yeye mwenyewe, nitamsomea neno kwa neno, sitapunguza wala kuongeza. Mchoree vidole kama unavyowachorea wanafunzi wako: kidole gumba kikae wapi, kiwiko kiinuliwe kiasi gani.

Barua hii nimeisoma mara moja tu. Nikiisoma ya pili sitaituma.

Mdogo wako wa dunguni, niliyesema tena,

Zuhura