Stirio ya Baba Imepata Mbao

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la rangi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Betri,

Hujambo? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa ukikiita "mafua tu" kimekwisha. Kama hakijakwisha nenda hospitali, na usinibishie. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, shemeji yako ananenepa kwa amani, na Mama amehamia kwetu. Ndiyo, amehamia. Kaa nikueleze, maana haikuwa rahisi.

Unajua tangu alipoteleza bafuni tumekuwa tukimsihi asiishi tena peke yake, na macho yake sasa yanaona vivuli tu. Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. "Stirio ya baba yenu isipoingia, na mimi siingii." Shemeji yako, mtu asiyegombana hata na nzi, safari hii akagoma. Alisema likabati lile la stirio limebanduka pembeni, linadondosha unga, mende wamelifanya mtaa wao, na sebuleni kwake haliingii hivyo lilivyo. Mkaidi nimemzoea, mimi mwenyewe ni mkaidi. Lakini mpole akikaidi hujui umshike wapi.

Wewe uliandika tuitupe, ukaahidi kututumia spika ndogo ya kisasa inayoenea kiganjani. Nakupenda, lakini huo ulikuwa ushauri wa mtu aliye mbali. Mama hakuomba muziki. Aliomba stirio.

Basi nikaamua kulikarabati kabati mwenyewe. Shemeji yako akapendekeza ile stika ya plastiki yenye picha ya mbao, inayouzwa kwa mita. "Bandika, kata, kazi imekwisha, tunywe chai." Nilimjibu kwa hotuba ambayo majirani waliisikia. Nilimwambia tumezungukwa na picha za vitu: picha ya marumaru sakafuni, picha ya ngozi kwenye makochi, na sasa picha ya mti juu ya mbao iliyosagwa, na tumezoeshwa kuona aibu kuuliza kitu chenyewe kiko wapi. Nikamwambia stirio ya Baba ilitengenezwa enzi ambazo mtu wa kawaida aliweza kuwa na kitu cha kweli nyumbani kwake. Unamkumbuka Baba na wageni. Kabla mtu hajakaa, anagongewa ubavu wa kabati, ko ko ko. "Sikia huo. Msaji huo, mfalme wa mbao!" Mimi nimelitaja kabati lile hata gazetini ninakoandikia, nikiwachapa wauza samani za bandia, na wasomaji wakaniandikia kunipongeza.

Nililitoa uani, nikafungua spika zote mbili, nikachomoa mashine ya ndani nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Kabla ya kubandika ubao mpya mwembamba, ule wa juu wa zamani huondolewa kwa joto na unyevu: unalaza kitambaa kibichi, unapitisha pasi, gundi inalainika, unaingiza kisu bapa taratibu. Nilikuwa nimesoma kila kitu kinachosomeka kuhusu jambo hilo. Nikalaza kitambaa changu, kimelowa hasa, nikaweka pasi.

Kwanza ilikuja harufu. Mbao ikipata moto hunukia mbao, hata ikiwa kuukuu. Hii ilinuka kama ndoo iliyosahauliwa karibu na jiko. Nikainua kitambaa. Msaji wa Baba ulikuwa umejikunja kama ganda la peremende.

Plastiki, Betri. Picha ya msaji juu ya chipubodi, ile mbao iliyosagwa. Baba alikuwa na stika.

Shemeji yako alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Kumbe baba mkwe alikuwa mtu wangu! Tungeelewana sana yule mzee!" Nilimwachia kicheko chake, nikarudi kwenye kabati.

Kibaya zaidi, kwa vile niliamini nina mbao halisi chini ya pasi, nilikuwa nimeinywesha maji chipubodi, na chipubodi haipendi maji. Kona ya kulia ilivimba kama mkate uliotiwa kwenye chai. Ilinibidi niiache ikauke, niishibishe gundi, niibane katikati ya vibao viwili, kisha niipige msasa mpaka ilingane na mwenzake. Huku Mama anapiga simu kila asubuhi, anauliza kama stirio imeingia. Mizigo yake ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilijua nikichelewa sana ataifungua.

Nilipokuwa nambandua Baba yule aliyebaki, nisamehe, namaanisha plastiki iliyobaki, niliona kitu kingine. Juu, upande wa kushoto, pale ambapo kitambaa cheupe cha kufuma kilikaa maisha yetu yote, kulikuwa na duara lililoyeyuka, sawa na kitako cha sufuria. Mimi na wewe tulidhani kile kitambaa ni urembo.

Hapo nikajiuliza kama Mama anajua. Nikaamua hajui, na hatajua. Macho hayaoni, kabati litakuwa la mbao, na Baba atabaki na msaji wake. Kwa hiyo haikuwa tena kazi ya kumridhisha shemeji yako. Nilikuwa namtimizia Baba maneno.

Nilikwenda kwa seremala wa nyuma ya soko, nikataka vinia ya msaji: mbao halisi iliyochanwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilimwambia nataka karatasi zilizochanwa kutoka gogo moja, zikifuatana, ili mistari ianzie ubavu huu, ipande juu, iteremke ubavu wa pili bila kukatika. Akasema, "Mama, hilo ni kabati au mwanao anaolewa?" Nikamwambia afanye anavyoombwa. Tukabishana mpaka wateja wake wakagawanyika, na nusu yao walikuwa upande wangu. Alinipa nilichotaka, akanikatia kwa mkono wake, na kusema kweli alikata vizuri sana.

Gundi nyeupe nilipaka kwenye kabati na nyuma ya vinia, nikaiacha ikauke, kisha nikailaza vinia na kupita na pasi kavu ili gundi ilainike tena na kushika. Kavu, nimejifunza. Kingo nilizikata kwa wembe, nikasugua kwa msasa laini kufuata mistari, kisha mafuta kwa kitambaa, tabaka moja, linakauka, jingine. Vanishi nzito sikutaka, inarudisha sura ya plastiki. Shemeji yako alisafisha mashine kwa brashi ya rangi, akairudisha ndani, na siku ilipokauka yeye mwenyewe ndiye aliyeshika upande mmoja kuiingiza sebuleni. Akasimama kuitazama. Akasema, kwa lile jina nililopewa kwa ubishi wangu, "Haya, Wakili, umeshinda."

Mama alifika Alhamisi. Hakuuliza chumba chake. Alishika mkono wangu mpaka kwenye stirio, akaweka kiganja juu yake, akakipitisha toka mwisho hadi mwisho, polepole.

"Wakili, umeweka mbao."

"Ilikuwa mbao siku zote, Mama. Msaji."

"Wee! Usinidanganye, mimi si baba yako. Ilikuwa plastiki. Niliiunguza mwenyewe, nilitua sufuria ya uji wa Betri."

"Baba alisema nini?"

"Aseme nini? Nilitoka kwenda kuchukua kitambaa cha kufutia. Niliporudi, ameshatandika kile cha kufuma juu ya lile duara, amekaa, anasoma gazeti. Hatukulizungumza mpaka anaingia kaburini. Lakini kila akimgongea mgeni, 'Msaji huo,' alinitazama mimi kwanza."

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa chenyewe, kimefuliwa na kupigwa pasi. Nikamwambia, "Mama, sasa hakuna cha kuficha."

"Nani kakwambia nilikuwa naficha?"

Akakitandika palepale kushoto, kwa kupapasa, wala hakukosea. Akauliza kitanda chake kiko wapi. Nilikwenda kuchukua mizigo.

Spika yako usiitume. Stirio inaimba, na mkwaruzo wake uleule. Ukija utaiona mistari ya mbao inavyopanda na kuteremka, na ninataka uisifu kwa sauti. Ila kitambaa usikiinue.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, yule mdogo mwambie shangazi anasubiri picha aliyoahidi kunichorea. Shemeji yako anakusalimu, anasema amebakiza stika ya mita moja kama unaihitaji. Mama anakuombea ulale salama na uamke salama, kila siku, huko uliko, nami naitikia amina.

Wako akupendaye,
Dada yako Wakili